Mkeka wa Pili

Soko la Fugalei, mjini Apia, siku ya Jumamosi mtu hupita kwa bega. Uelese alipita kwa ndoo ya rangi. Ndiyo maana msichana aliyekuwa akichagua magimbi alijikuta na doa la buluu kwenye lavalava yake, vazi jeupe la kujifunga kiunoni, jipya, lililoshonwa kwa ajili ya ibada ya kesho yake.

"We kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

"Samahani dada. Nilikuwa nakuangalia wewe."

"Ndiyo uniangalie kwa ndoo?"

Wenye meza wakacheka. Uelese alikuwa fundi wa kupaka rangi mabasi ya mbao, kijana mpana wa mabega, kaptura imejaa matone, ua jekundu nyuma ya sikio. Msichana aliitwa Telesia. Alikuwa amerudi mwaka jana tu kutoka Auckland, alikolelewa na shangazi yake, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko alivyokusudia. Uelese alitaka kulipia kitambaa. Telesia akasema kikombe cha kakao kingetosha. Walikunywa viwili viwili, na doa likasahaulika.

Yaliyofuata ni ya kawaida kwa wapendanao: simu za asubuhi, simu za mchana, na kugombana kuhusu nani akate kwanza. Kitu kimoja tu kilimsumbua Telesia. Kila ilipofika Jumapili ya meza ya Bwana, Uelese alinyanyuka na kutoka kanisani kwake, ambako Telesia alikuwa amemfuata.

"Tumbo," alisema akiulizwa.

"Tumbo lako linajua kalenda ya mchungaji?"

Tumbo halikuwa na kosa. Zamani, ujana ukiwa umemzidi akili, Uelese aliendesha gari la mjomba wake akiwa amelewa, akamgonga mtu aliyetembea kando ya barabara na kumvunja mguu vibaya. Yeye akiwa mahabusu, mjomba Ioapo alifanya ifoga, toba ya hadharani, kama desturi inavyotaka. Alfajiri alikwenda kupiga magoti mbele ya nyumba ya aliyeumizwa, amejifunika mkeka laini wa ukoo, akingoja ama mawe ama msamaha. Jua lilipopanda, mwenye nyumba alitoka na magongo yake, akauinua mkeka. Kwa watu wote yakawa yamekwisha. Uelese peke yake alibaki nayo. Alijiambia kuwa aliyesamehewa ni mjomba, maana ndiye aliyepiga magoti. Basi mkate na kikombe vikawa vinampita, na amani ikampita pamoja navyo.

Siku moja Telesia akapiga simu.

"Mpenzi, Jumapili unakula kwetu. Baba anataka kumwona huyo mchafua nguo za watu."

"Nitavaa shati jeupe, labda anihurumie. Anaitwa nani vile, nisije nikaaibika?"

"Sakaria. Ukimwona na fimbo usimwonee huruma, hapendi. Aligongwa na gari mimi nikiwa Auckland, na huyo aliyemgonga... Uelese? Haloo?"

Simu ilikuwa imekatwa.

Majuma mawili Uelese hakupokea simu wala hakujibu ujumbe. Telesia akafanya hesabu ambayo wanawake wengi wangeifanya, akapata jibu moja: mwanamke mwingine. Akavaa gauni la kijani linalombana kiunoni, akachomeka chanuo la gamba la kobe kwenye nywele, akaenda kwenye karakana ya mabasi akiwa amekusudia kumtia mtu uchungu.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

"Nani?"

"Huyo aliyekufanya usahau kupokea simu."

Uelese akaweka brashi chini. "Telesia, aliyemgonga baba yako ni mimi."

Telesia hakulia, hakupiga kelele. Alichomoa chanuo kwenye nywele. "Ungeniambia una mke, ningejua pa kuanzia kulia," alisema, akaondoka.

Uelese aliamini kuwa amempoteza, na kwamba amestahili. Ilipofika Alhamisi, simu ikaita.

"Nimemwambia baba."

"Akasemaje?"

"Kauliza kama unakula samaki."

"Usinitanie, Telesia."

"Sitanii. Jumapili, baada ya ibada."

Mtu mwingine angenunua mkate wa kupeleka, akaenda kula. Uelese alikwenda kwa shangazi yake kuomba mkeka.

Jumapili adhuhuri, watu wakirejea kutoka kanisani na nguo zao nyeupe, walimkuta mtu amepiga magoti mbele ya nyumba ya Sakaria, amejifunika mkeka gubigubi. Wakasimama. Mzee akatoka akikokota mguu.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, baba. Uelese. Mimi ndiye niliyekugonga."

"Najua. Toka humo."

"Siwezi, mpaka uniinulie."

"Siinui."

Watu wakaguna.

"Ioapo alipiga magoti hapo hapo," mzee alisema, na sasa alikuwa amekasirika kweli. "Nilimwinulia mbele ya watu hawa hawa. Nikiinua na huu, nitakuwa nimesema ule wa kwanza haukutosha. Unataka mjomba wako awe ameaibika bure?"

"Lakini aliyepiga magoti ni yeye, na mwenye kosa ni mimi!"

"Na kanisani umekuwa ukiimba nini miaka yote? Aliyepigwa misumari ni wewe?"

Mzee akaiegemea fimbo yake.

"Nilikuchukia, kijana. Siku ile nilimtazama Ioapo nikatamani mawe. Kisha nikakumbuka mimi mwenyewe nimesamehewa mengi, na sikupiga hata goti moja. Nikainua. Sina kingine cha kuinua. Samaki yuko ndani."

Fimbo ikagonga sakafu, ikaishia ndani.

Joto lilikuwa kali chini ya mkeka. Uelese aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona woga, maana hakujua ataishi vipi bila kosa lake. Simu ikatetemeka mfukoni.

"Uko wapi?" Telesia aliuliza.

"Si unaniona?"

"Naona mkeka. Magimbi yanapoa."

"Naogopa."

"Hata mimi naogopa. Baba hajabariki chakula, anakusubiri. Njoo, mpenzi."

Alijifunua mwenyewe. Mwanga wa jua ukamwingia machoni. Aliukunja mkeka, akaingia. Mzee akausogeza mguu wake mbovu kumpa nafasi.

"Omba."

"Mungu," Uelese alianza, akakwama. "Nilidhani nina la kukulipa. Asante." Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. Moyo wake ulikuwa umetulia, na alishangaa kuona hakuna alichofanya kuupata utulivu huo.

"Amina," mzee akasema, akamwekea kipande kinono.

"Baba, kuna jambo jingine. Nataka kumwoa Telesia."

Sakaria akalamba vidole taratibu. "Hilo sasa ndilo la kupigia magoti."

Uelese akaanza kuinuka. Telesia akamvuta shati, akamkalisha.

"Ale kwanza, baba."