Sheria ya Tano Niliandika Mwenyewe

"Baba amekuondoa."

Ndivyo simu ilivyoniambia, jamani! Baba yangu mzazi, Mzee Nikolausi, kanitoa kwenye grupu la WhatsApp... kwa sheria niliyoiandika mimi!

Grupu linaitwa Kambi ya Ngano. Wamo wazee waliofanya kazi kwenye mashamba ya ngano ya serikali hapa Hanang, watoto wao, na majirani wafugaji. Baba ndiye admini. Mwaka jana aliniambia, "Kornelia, wewe una diploma. Tuandikie sheria."

Nikaandika kwa mbwembwe. Ya tano aliitaka yeye: "Atakayechafua hali ya hewa ataondolewa."

"Baba, kuchafua ni kufanya nini hasa?"

"Andika tu. Mtu mzima anaelewa."

Kiswahili changu chote hiki ninachojivunia... nikaandika!

Juzi Perpetua, binti wa mzee mmoja wa kambini, akaweka picha ya mwaka 1981. Baba, kijana, juu ya trekta. Nyuma yake tuta kubwa la udongo.

Mzee Gidamis, mfugaji wa Gendabi, akatuma sauti: "Hilo tuta ni kaburi la baba yangu. Tangu walime sijaliona tena. Nani anakumbuka lilipokuwa, nikamwage pombe ya asali ya tambiko kabla sijafa?"

Dakika mbili... katolewa!

Nikaandika, "Baba, kosa lake ni lipi?"

Na mimi nje!

Nikapanda hadi nyumbani kwa Baba, Gitting.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Sheria ya tano umeisahau?"

"Mzee wa watu kauliza kaburi la baba yake tu!"

Akaitazama mikono yake.

"Nililisawazisha mimi."



"Ulijua ni kaburi?"

"Nilijua. Nikamuuliza bosi. Akanionyesha karatasi: 'Ondoa vikwazo vyote shambani.' Haikusema kaburi, Kornelia. Ilisema vikwazo."

"Na wewe ukaelewaje?"

"Mtu mzima anaelewa."

Ndugu zangu, ukiandika sheria isiyotaja kosa, umemwashia mtu trekta. Usishangae atakapopita.

Leo nimefungua grupu jipya. Nimemwongeza Mzee Gidamis. Nimemwongeza na Baba, maana kaburi lilipokuwa anapajua yeye peke yake. Sheria ni moja: "Kaburi liitwe kaburi."

Mzee Gidamis akaandika, "Nasubiri, Nikolausi."

Tiki zikawa bluu.

"Baba ameondoka."