Saruji ya Jino la Inspekta

Kabati lilikuwa wazi, na saruji ya meno haikuwemo hata pakiti moja.

Inspekta Namalwa alikuwa kwenye kiti cha mgonjwa, jino limeshatobolewa.

"Wameiba yote!" Daktari Purity alisema.

"Si utumie kitu kingine?"

"Afande, hiyo ndiyo ya kufunika mshipa wa jino ukiwa hai. Nikiikosa leo, itabidi niutoe wote. Utabaki na jino lililokufa."

Lo! Meno yote ya Eldoret, na mwizi huyu kachagua jino lake! Namalwa alishuka kitini, pamba mdomoni, shavu limekufa ganzi, akaanza kazi kwa hasira.

Kufuli lilikuwa zima. Wenye funguo walikuwa watatu: Purity, msaidizi wake Felix, na Daktari Kiplimo, mwenye kliniki.

Chumbani kwa Kiplimo, sinki lilikuwa limeziba. Namalwa alitia kidole kwenye tundu, akagusa kitu cheupe, kigumu kama jiwe.

"Ni yenyewe," Purity alisema. "Ikipata maji ndiyo inaganda. Tulifundishwa siku ya kwanza ya mafunzo yake."

"Nani na nani?"

"Mimi na Felix. Daktari Kiplimo alikataa kuja. Alisema hayo ni mambo ya meno ya watoto."

Basi. Aliyefundishwa asingeimwaga kwenye maji. Namalwa alimgeukia Kiplimo, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Daktari, ni wewe uliimwaga hapa?"

"Mimi? Na umri huu wangu?"

"Sijakuuliza umri."

Mzee alikaa chini taratibu.

"Maisha yangu yote natoa mishipa ya watu wazima, nawaambia hakuna njia ingine. Huyu msichana anaiacha hai, na wanapona! Kila anayepona ni kama ananiambia nilikuwa naua meno bure. Nilichoka. Nilitaka aache tu."

"Toa vitu mfukoni."

Ikatoka pakiti moja, haijafunguliwa.

"Na hii je?"

Kiplimo aliinamisha kichwa. "Ni ya Benta, mke wangu. Jino lake limeanza kuuma. Sikutaka kumfanyia vile nimefanyia wengine."

Namalwa alimfunga pingu. Purity alinyoosha mkono.

"Hiyo moja inatosha jino lako, Afande. Lete haraka."

Ganzi ilikuwa imeanza kuisha, na maumivu yalikuwa yanapanda hadi sikioni. Namalwa aliitazama ile pakiti kwa uchungu. Kisha akaitia kwenye mfuko wa vielelezo, akaufunga, akatia sahihi.

"Hii inaenda kortini," alisema, akirudi kitini. "Toa mshipa. Na usiniongeleshe."