Tawi la Kerebe

Protase alishuka kutoka Nshambya giza likianza kuingia, chupa ya uji mkononi, moyo mweupe kabisa. Mkewe Jovita alikuwa amejifungua mtoto wa kiume mchana ule, na habari zilizomfikia zilikuwa njema. Njiani alisalimia hata watu asiowajua. Baba mpya ndivyo alivyo, mwacheni.

Kwenye mlango wa wodi ya wazazi, muuguzi Klaudia alimzuia kwa kiganja. Gauni lake jeupe lilikuwa na damu mpaka kiunoni.

"Jovita anavuja damu," alisema kwa sauti ya chini. "Tumejaribu kila kitu. Anahitaji damu ya kundi lake, O hasi, na kwenye friji haipo."

"Chukueni yangu."

"Yako haiingiliani na yake, waitu, ndugu yangu. Nenda kawaulize wenzako wa vituoni. Kimbia!"

Aliiacha chupa ya uji pale pale sakafuni, akatoka mbio.

Ilikuwa ile miaka migumu ya Kagera. Vita vya majirani vilikuwa vikimwaga wakimbizi mpakani, na ugonjwa ulikuwa ukifunga nyumba moja baada ya nyingine, vibanja, yale mashamba ya migomba, vikibaki mikononi mwa bibi na wajukuu. Damu salama ilitafutwa kama dawa. Mradi mmoja wa wafadhili ukaweka kompyuta na antena za redio kwenye vituo vya kuchangia damu: Izimbya, Muleba, na kule ziwani, kisiwa cha Kerebe. Ofisi kuu ilikuwa Miembeni, mjini Bukoba, na fundi wake alikuwa Protase.

Mwanzoni Bukoba ilikuwa ikiita vituo kimoja kimoja, na mgonjwa hasubiri. Protase akaweka kwenye mashine kuu programu ndogo inayofanya kazi kimyakimya, hata skrini ikiwa imezimwa. Wewe unasema mara moja tu. Yenyewe inaigawa sauti yako kwa vituo vyote vilivyojiunga na kundi. Lakini haigawi ovyo. Kila baada ya muda inatuma swali: nani yupo? Kituo chenye mtu kinaitika. Kisichoitika, programu inakata tawi lake, na sauti haiendi tena huko.

Basi hapo ndipo Protase alipokosea, na alikosea kwa huruma.

Mhudumu wa Kerebe alikuwa Mayenga, mchuuzi wa dagaa aliyetoka ng'ambo ya Mwanza, mcheshi, asiye na ndugu hata mmoja kisiwani. Akaanza kukonda. Wavuvi walinong'ona kwamba amelogwa, hospitali ilisema mengine. Ikafika siku hana nguvu ya kubonyeza kitufe cha kuitika, na tawi lake likawa linakatwa kila mara. "Fundi, msinikate," alimwomba Protase redioni. "Usiku huku ni mrefu. Nikisikia sauti zenu najua bado mimi ni mtu." Protase akaandika mstari mmoja kwenye mashine: Kerebe ihesabiwe ipo siku zote, isiulizwe. Kwa maneno mengine, mashine ikawa inamwitikia Mayenga.

Mayenga akafa. Wavuvi walimzika mchangani, pasipo mgomba wala kilio cha nyumbani, jambo lililomuuma Protase, Mhaya ambaye kwao mtu huzikwa kwenye migomba ya nyumbani, kuliko kifo chenyewe. Mashine ya Kerebe ikarudishwa Miembeni na kufunikwa gunia stoo. Lakini mstari ule Protase hakuufuta. Kila alipotaka kuufuta, mkono ulikataa. Aliona kama anamzika rafiki yake mara ya pili.

Sasa alifungua ofisi huku funguo zikimponyoka. Akawasha taa. Akashika maikrofoni.

"Vituo vyote. Tunahitaji damu, kundi O hasi. Ni mama mzazi. Ni... ni mke wangu."

Izimbya wakajibu: hawana. Muleba wakajibu: hawana, poleni sana, tunawaombea.

Spika ilikuwa ikikwaruza kidogo tu. Protase akaketi, akainuka, akaketi tena. Akarudia kuita. Jasho lilimtoka mpaka maikrofoni ikawa inateleza.

Ndipo aliposikia harufu.

Dagaa. Dagaa wabichi na mchanga uliolowa, harufu imejaa chumba kizima, na dirisha limefungwa.

Spika ikakohoa.

"Nipo."

Protase aliiweka maikrofoni mezani.

"Fundi... nipo. Kerebe hapa."

Aliangalia mlango wa stoo. Kufuli lilikuwa mahali pake. Akausogelea taratibu, akaweka sikio. Ndani hakukuwa na kitu kinachonguruma, na sauti ilitoka kwenye spika nyuma yake, polepole, kama ya mtu anayeongea huku anameza maji.

"Kila siku mashine yako inasema nipo. Nami nimekuwepo. Nimekaa tu, nasikiliza."

"Mayenga," Protase alinong'ona, "wewe tulikuzika."

"Walinizika wao. Wewe hukunikata." Mawimbi yalisikika mbali, yakipiga mawe. "Damu ninayo. Useme tu nilete."

Tangu utotoni Protase alijua la kufanya mbele ya sauti ya namna hiyo. Unanyamaza, unaondoka, unaita watu. Alijua vizuri sana. Ila alimwona Jovita kitandani, damu ikidondoka, na mtoto ambaye hata jina hajapewa. Aliogopa sauti ile, lakini aliogopa zaidi kurudi mikono mitupu.

"Lete," akasema.

Spika ikanyamaza. Harufu ikaondoka ghafla, kama imevutwa na mtu.

Alikimbia kurudi hospitali bila hata kufunga ofisi. Klaudia alimpokea mlangoni, mara hii akitabasamu.

"Mungu mkubwa! Mtu wenu ameshaleta. Nimeipima mwenyewe, ni safi, na kundi ni lenyewe. Inaingia sasa hivi."

"Mtu gani?"

"Mrefu, mwembamba, koti la mvua limemfunika uso. Hakusema neno. Amenikabidhi kasha akaondoka." Klaudia akapunguza sauti. "Miguu ilikuwa imelowa, Protase. Na mvua haijanyesha."

Kasha lilikuwa juu ya meza. Protase alifungua kifuniko. Chini kulikuwa na mchanga.

Kutoka Kerebe mpaka Bukoba mtumbwi wenye mashine ungechukua usiku kucha, ziwa likiwa tulivu. Yeye kutoka Miembeni alikuwa amekimbia tu. Angesemaje, na chupa ya damu inaning'inia juu ya kitanda, na mashavu ya Jovita yanarudiwa na rangi?

Jovita akapona. Alirudi nyumbani Nshambya, wanawake wakamletea ndizi na maziwa, nyumba ikajaa vicheko, na mtoto akaitwa Ishengoma. Protase peke yake ndiye aliyekosa raha. Alikuwa akila huku anasikiliza. Akilala, anaamka kuona kama mkewe anapumua. Kazini alikaa akiutazama ule mstari.

Asubuhi moja, jua likiwaka vizuri na Miembeni imejaa watu, alijipa moyo. Kufa ni kufa, akajiambia, na rafiki akapumzike. Akaufuta mstari. Programu ikauliza: nani yupo? Izimbya ikaitika. Muleba ikaitika. Kerebe kimya, na tawi likakatwa kama inavyotakiwa. Alivuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu siku ile.

Nusu saa baadaye alikuwa akinawa mikono apate chai aliposikia anaitwa nje. Ni Rozi, jirani yao, hana viatu, kanga inaburuta.

"Protase, njoo! Jovita kaanguka shambani! Amekuwa wa baridi, amekuwa..."

Hakumngoja amalize. Hakukimbilia nyumbani pia, na Rozi mpaka leo hajaelewa kwa nini. Alirudi ndani kwenye mashine. Vidole vilikosea herufi, akafuta, akaandika upya, akikosea tena huku anamtaja Mungu na Mayenga kwa pumzi moja.

Kerebe ipo. Kerebe ipo siku zote.

Alipofika nyumbani Jovita alikuwa amekaa chini ya mgomba, mtoto amempakata, akiwacheka wanawake waliomzunguka wakilia. "Ni kizunguzungu tu," alisema. "Mmeshaanza matanga?" Nywele zake zilikuwa na maji. Wanawake waliapa kwamba hakuna aliyemmwagia.

Tangu hapo Protase hakusafiri tena. Alijaza ofisi betri za magari ili umeme ukikatika mashine isizime, na wafadhili walipoandika kwamba mradi unafungwa, alikubali kukaa bila mshahara. Watu wa Miembeni walisema amechanganyikiwa. Labda. Hakuwa na wa kumweleza.

Jioni moja Jovita alikuwa akimenya ndizi jikoni, mwanga wa jua la mwisho ukiingia mlangoni. Alisimamisha kisu.

"Protase, ni nani huyu anayeniulizaga kama nipo?"

Protase alimgeukia. "Nani?"

"Tangu hospitali. Mchana, usiku. Ananiuliza kwa upole tu, sauti kama ya mtu anayemeza maji: nani yupo? Nami naitika. Tumefundishwa kuitika mtu akikuita."

Protase alipiga magoti mbele yake, akaishika mikono yake yenye utomvu. Ilikuwa ya moto, mikono ya mtu hai, na machozi yalimtoka bila haya.

"Endelea kuitika, mama Ishengoma. Usiache hata mara moja. Nakuomba!"

"Lakini inachosha, waitu." Alisema bila hasira, akiangalia kitanda kilichoonekana kupitia mlango wa chumbani. "Leo mchana nilichoka. Nikanyamaza makusudi nione atafanya nini."

"Ikawaje?"

"Kaitika mtoto."

Chumbani Ishengoma, ambaye hata shingo ilikuwa haijakaza, alikuwa macho, ameugeuza uso wake upande wa ziwa.