Birika la Mita Moja na Nusu

Habibo wa Lafey alikuwa na mbuzi hamsini, lakini nyumbani hakuwa na hata mmoja. Mumewe, Yarow, alikuwa amewapeleka mto Daua, karibu na Rhamu. Sasa ulikuwa mwezi wa tano tangu aondoke. Kila alasiri Habibo alichemsha chai, akatoa vikombe viwili, kisha akarudisha kimoja. Alimkumbuka Yarow mno, hata kikohozi chake alikitamani.

Malisho yalikuwepo Lafey. Shida ilikuwa maji. Lori la maji lilifika kila baada ya siku kumi, na wao hawakuwa na pa kuyaweka. Yarow alipoondoka alisema, "Sisi na mbuzi tunatumia lita mia tatu kwa siku. Jenga birika la siku kumi, lita elfu tatu. Likiwa tayari, nitarudi."

Basi Habibo akajenga. Fundi alimaliza Jumatano. Ndani ya kuta, birika lilikuwa na urefu wa mita moja na nusu, upana mita moja na nusu, na kina mita moja na nusu.

Habibo alisoma darasa la watu wazima, kwa hiyo akachukua kalamu. Moja mara moja mara moja, akapata moja. Nusu mara nusu mara nusu, akapata moja ya nane. Akajumlisha. Zilikuwa lita elfu moja, mia moja ishirini na tano. Maji ya siku nne hayafiki! Habibo alikaa chini akalia.

Alhamisi jirani yake Sagal, mwalimu wa lile darasa, alikuja kumjulia hali.

"Abaayo, dada yangu, macho yamekuwaje?"

"Kesho baada ya swala Yarow atapanda kilimani kutafuta mtandao, anipigie simu. Nitamwambia asije. Birika ni dogo."

Sagal aliitazama karatasi. "Kwa nini umetenga moja na nusu?"

"Si ndivyo tunavyofanya zizini? Mbuzi wakubwa huku, vitoto kule."

Sagal alicheka kidogo. "Zizini sawa, wallahi. Hapa moja na nusu ni namba isiyotengwa. Mita moja na nusu ina nusu mita ngapi?"

"Tatu."

"Lete kisu na sabuni ya mche."

Sagal alikata sabuni vipande vidogo, kila kimoja sawa pande zote. "Kila kipande ni sanduku la nusu mita. Panga matatu kwa urefu, matatu kwa upana, matatu kwenda juu."

Habibo alipanga polepole. Safu ya chini, tisa. Ya kati, tisa. Ya juu, tisa. "Ishirini na saba," alisema.

"Masanduku manane hujaza mita moja ya ujazo, yaani lita elfu moja. Yagawe manane manane."

Habibo alipata mafungu matatu, na vipande vitatu vikabaki. "Elfu tatu... na hivi vitatu?"

"Kila kimoja lita mia moja ishirini na tano."

Habibo aliandika: lita elfu tatu, mia tatu sabini na tano. Alihesabu tena, na tena.

Ijumaa simu ilipolia, hakungoja salamu. "Yarow, rudi. Linatosha."

Yarow alifika baada ya siku sita, mwembamba, vumbi mpaka kwenye kope, na mbuzi wakilia nyuma yake. Lori lilijaza birika. Siku ya kumi jioni, Yarow alitumbukiza fimbo yake hadi chini. Ilitoka imelowa karibu shubiri moja.

"Yamebaki," alisema akishangaa. "Ulijuaje?"

"Nilihesabu."

"Maji?"

"Maji, na siku zote ulizokuwa mbali." Habibo akamimina chai, vikombe viwili.