Aliyeifuta Sayari ya Barafu

Jumamosi, saa nne asubuhi, shemeji alipiga ukelele sebuleni kama mtu aliyekanyaga msumari.

"Fundi! Njoo uone! Safari yetu imefutwa yote!"

Fundi cherehani aliacha suruali ya mteja chini ya sindano, akatoka mbio. Kwenye televisheni kuukuu yenye mgongo mrefu mchezo ulikuwa umewaka: askari wa chuma, roboti zenye miguu ya buibui, sayari nzima ya barafu. Mchezo wa zamani, wa bei ya kutupa, ulionunuliwa kwenye meza ya mitumba. Watu wake wana vichwa kama matofali. Lakini yeye na shemeji huyu, mdogo wa mumewe, walikuwa wameupigania miezi mitatu, na jana jioni walimwacha Malkia wa Roboti kabakiza pumzi moja tu. Sasa pale ilipohifadhiwa safari yao palikuwa patupu.

Mumewe, mwoka mikate wa zamu ya usiku, alitoka chumbani macho mekundu.

"Nani afute kama si wewe?" akamkaripia mdogo wake. "Unataka muanze upya, uendelee kula bure kwangu. Jioni hii uwe umeondoka."

"Kaka! Nifute jasho langu mwenyewe?"

"Nimesema jioni!" Mlango ukabamizwa.

Shemeji akaanza kukunja mashati. Pa kwenda hakuwa napo, na kila mtu alilijua hilo.

"Acha hayo mashati," Fundi akamwambia. "Haondoki mtu mpaka nijue. Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Sokoni, nashusha mizigo. Nimetoka hapa saa kumi."

"Hukugusa mchezo kabla ya kutoka?"

"Hata taa sikuwasha. Mama akiamshwa unamjua alivyo."

Mama mkwe alikuwa jikoni, na mchezo ule aliuchukia waziwazi.

"Mama, usinielewe vibaya. Si wewe uliyefuta?"

"Mimi? Kidude kile sijui hata kinawashiwa wapi. Ningetaka kuwakomesha ningekitupa chooni mbele ya macho yenu! Mimi nimepangusa vumbi tu, saa kumi na mbili. Na muache kuchezea umeme, mgongo wa hiyo televisheni ulikuwa wa moto kama pasi."

Fundi akaanza kuhesabu saa. Televisheni iliyozimwa tangu jioni ingekuwa baridi. Shemeji alishaondoka saa mbili nzima kabla ya vumbi kupanguswa. Saa kumi na moja ndipo mwoka mikate hurudi.

Akagonga mlango wa chumbani. "Uliporudi ulikaa sebuleni?"

"Nilipita tu. Mchezo wenyewe niliuacha kitambo. Niache nilale."

Sebuleni shemeji alikuwa anajaribu kuanza mwanzo, anatukana chini chini. "Hata kontrola imeharibika. Nasukuma juu, askari anaangalia chini!"

Fundi akafungua mipangilio. Kontrola ilikuwa nzima. Mtu alikuwa amegeuza juu kuwa chini, na jana haikuwa hivyo. Aliyefuta alifuta safari, mipangilio akaisahau. Fundi akaiacha vilevile.

Saa kumi jioni begi lilikuwa mlangoni. Mumewe alipoamka, Fundi akamwita kwa sauti ya upole.

"Njoo unisaidie, nimekwama."

Hakuwa amewahi kumwomba hivyo. Uso wa mwanamume ukang'aa. Akakaa karibu mpaka magoti yakagusana, akashika kontrola. Askari akaruka, akainama, akaangusha roboti ya kwanza, ya pili, ya tatu, vidole vinakwenda kama vinakanda unga.

"Umeona?" akasema, kifua mbele.

"Nimeona. Mimi na shemeji leo hata kutembea kumetushinda. Juu imekuwa chini. Nani mwingine humu ndani anacheza hivyo?"

Vidole vikaganda. Roboti ikamla askari.

"Uliingia saa kumi na moja," Fundi akaendelea. "Ukageuza mipangilio, ukamjaribu Malkia, akakushinda, ukafuta."

"Alinishinda mara mbili," akasema polepole.

"Kwa nini lakini?"

"Nalala nyuma ya ukuta huu. Kila siku nasikia mnacheka mpaka mnakosa pumzi. Mimi hujanichekea hivyo tangu nikuoe. Nikasema ngoja nikione hicho kinachomfurahisha mke wangu. Sikukiona." Akaweka kontrola chini. "Nikajua yeye akiondoka..."

"Ukamsingizia mdogo wako wa tumbo moja!"

"Mlikuwa mnacheka nini?"

"Wewe! Unavyokoroma. Roboti ikianguka, na wewe unanguruma, kama mmepangana."

Mwoka mikate akainamisha kichwa.

"Nenda kamwambie," Fundi akasema. "Kwa mdomo wako mwenyewe."

Akatoka. Shemeji alikuwa amekaa kizingitini, begi miguuni. Kaka yake akamweleza yote: ukuta, kicheko, kufuta. Akamwambia rudisha begi ndani. Shemeji akakuna kichwa.

"Sasa kaka, si ungetuambia tu tupunguze sauti?"

Hakuelewa hata nusu. Fundi, nyuma ya mlango, alielewa yote, ndiyo maana hakutoka. Kukoroma kulichekesha, ndiyo. Lakini hata siku ambazo mumewe hakukoroma, yeye na shemeji walicheka vilevile.