Kilo Tisini na Nane

Fyonz.

Sauti ilitoka kitanda cha pili cha chumba chao nyumbani, kama mrija unaotafuta soda chini ya chupa. Muuguzi akafumbua macho.

"Dada," mdogo wake alinong'ona gizani, "kuna kitu kinaninyonya kwa ndani."

"Bandeji zinabana tu. Lala."

Lakini chumba kilinuka mafuta yaliyokaangiwa mara kumi na kusahauliwa juani. Alipowasha taa na kulegeza bandeji, aliziona nyonga mpya za mdogo wake, zenye umri wa siku nne, zikitembea. Uvimbe ulijikokota chini ya ngozi, ukasimama, ukafyonza, na kila ulipofyonza mashavu ya binti yalibonyea zaidi, huku ute wa njano ukichuruzika kwenye mshono, mzito, vuguvugu, ukigandia vidoleni mwa muuguzi kama samli. Akatapika kwenye beseni.

Alijua mafuta yale yalikotoka. Kliniki anakofanya kazi huwaita wateja kwa uzito wao, siri zao zisivuje. Siku ya upasuaji wa kujaza nyonga, daktari alimpapasa binti tumboni akacheka: "Fito hii nitaifyonza mafuta wapi, kwenye nyusi?" Kisha akanyoosha mkono. "Sista, lete ile chupa ya kwenye friji. Mafuta ni mafuta." Chupa iliandikwa Kilo 98. Naye akaileta.

Kilo Tisini na Nane, mwanamke aliyefyonzwa mafuta hayo, alifia juu ya meza ileile ya upasuaji, miezi miwili nyuma. Kabla ya kukata roho alimshika muuguzi mkono, akamtajia jina lake, akaomba mumewe aambiwe. Mume alipokuja kuulizia, muuguzi alijibu kama alivyofundishwa: hatumjui huyo. Mwanamke akazikwa kama asiye na ndugu.

Asubuhi mama yao alimleta mganga. Mganga akaweka kiganja kwenye nyonga, akakiondoa upesi, akakifuta kwenye kanzu.

"Jini limevaa mafuta ya mfu," alisema chini chini. "Wewe ni nani?"

Mdomo wa binti ukafunguka, sauti nzito ikatoka. "Kilo tisini na nane."

"Sijakuuliza uzito. Jina."

"Limenipotea. Yupo humu anayelijua."

Mganga akageuka. "Halitoki mpaka liitwe kwa jina la huyo mfu. Nani anamjua?"

"Humu ndani?" mama alisema. "Tumjulie wapi, baba? Sisi tuna wafu wetu wanatutosha."

Muuguzi aliinamisha kichwa. Akilitaja, sare inavuliwa, na huenda jela inafuata, na mama atajua ni mkono gani ulioileta ile chupa.

"Dada," mdogo wake aliita, kwa sauti yake mwenyewe sasa, nyembamba kama uzi. Fyonz. Mifupa ya mashavu ilikuwa imebaki kidogo tu itoboe ngozi.

Muuguzi akapiga magoti, akasogeza mdomo karibu na ile ngozi inayonuka, akalitamka jina lote la marehemu, lake na la baba yake.

Uvimbe ukatulia.

"Abee," ukaitika.