Risasi Tano za Marehemu Saleh

Nilitoka nyumbani jioni na ndoo ya mahindi kichwani, ili majirani wa Bombambili waone Domina anakwenda mashineni. Majirani zangu macho wanayo. Msaada ndio hawana.

Tangu nimzike mume wangu Urbani, shemeji yangu Isidori alikuwa akitangaza kwenye kila kilabu cha pombe kwamba mimi ndiye niliyemla kaka yake. Urbani aliugua presha miaka mingi, mtaa mzima unajua, lakini alipokufa tu presha ikageuka uchawi. Nilijua anachotaka Isidori: nyumba. Na nilijua mjane aliyeitwa mchawi huishia wapi. Hukatwa mapanga, na asubuhi hakuna aliyesikia kitu.

Kibali cha silaha nilishapata, baada ya kuzungushwa mpaka soli za viatu zikaisha. Iliyobaki ni silaha yenyewe.

Mashineni sikufika. Nilikata kona nikaingia kwa Subira.

Subira, mwanamke wa Tunduru, alikuwa kwenye eda. Mumewe Saleh aliongoza wawindaji porini maisha yake yote, kisha akafa kwa maradhi ya kifua, akikohoa usiku na mchana. Chumba kilinuka ubani. Chini ya ubani, mafuta ya bunduki na tumbaku. Subira alitandaza kanga kitandani, akaweka juu yake bastola mbili za zamani, zile zenye gurudumu la risasi.

Ya kwanza ilikuwa na mtutu mrefu. Niliifunga kiunoni ndani ya kitenge, nikainama kama ninayefagia. Ikanichoma mbavu.

"Inaonekana?"

"Inaonekana, dada. Kama una mimba ya ubavuni."

Ya pili ilienea kiganjani. Mtutu mfupi, risasi tano, na nyundo yake imefichwa ndani, haiwezi kunasa kwenye nguo. Niliifunga, nikakaa, nikainama, nikachuchumaa kama ninayepuliza jiko. Subira alinizunguka akinitazama.

"Hiyo haionekani." Kisha akashusha sauti. "Ndiyo aliyokuwa akitembea nayo."

Ilikuwa na joto. Nikadhani ni joto la mwili wangu.

"Ila, dada Domina, arobaini yake bado. Kwetu kitu cha marehemu hakitoki kabla ya arobaini. Ukiwa na shida sana, unamwambia mwenyewe kwamba unaazima. Siku ya dua unakirudisha, halafu unakichukua upya."

"Nikisubiri arobaini yake, mtanizika mimi."

"Sijasema usubiri. Sema tu unaazima. Neno moja."

Siku zile nilikuwa na hasira na marehemu wote. Wangu alikufa akaniachia ndugu yake, na sasa huyu wa mwenzangu naye nimbembeleze!

"Mimi siazimi kwa maiti," nikasema, tena kwa sauti, nikiweka pesa juu ya kanga. "Hii nimenunua. Ni yangu."

Subira alijifunika uso kwa mtandio.

Nyuma ya pazia, chumba cha pili, mtu akakohoa...

"Nani yumo humo?"

"Hakuna mtu," alinong'ona. "Nenda, dada. Nenda haraka."

Nje kiza kilikuwa kinaingia. Nilitembea, na nyayo zikatembea nyuma yangu. Nikasimama. Zikasimama. Harufu ya tumbaku ikanipita puani, ingawa barabarani hapakuwa na mvutaji. Kikohozi tena... karibu zaidi. Niliishika ndoo kwa mikono miwili, sikugeuka.

Nyumbani nilimkuta Isidori mlangoni, panga mkononi. Binti yangu Severina alikuwa amesimama kizingitini, amempanulia mikono asiingie. Majirani walikuwa uani kwao, kama watu wanaotazama mpira.

"Shemeji, chukua mtoto wako muondoke. Kaka umemla, nyumba huli."

"Isidori, rudi kwako."

"Mchawi wewe!"

Akamsukuma Severina, akaja kwangu. Panga likapanda juu. Nilitupa ndoo, nikapeleka mkono kiunoni, ndani ya kitenge.

Nikakuta mkono.

Mkono mwingine ulikuwa umeshaishika bastola. Mkavu. Wa baridi.

Mlio ukapasua mtaa mzima.

Isidori alikaa chini taratibu, akatazama nyuma ya bega langu, si usoni kwangu. Mdomo ulifunguka. Hakuinuka tena.

Polisi waliikuta bastola bado imefungwa kwenye kitenge. Kitenge hakikuwa na tundu. Mtutu ulikuwa safi, hauna hata harufu ya baruti, na gurudumuni zilikuwamo risasi zote tano. Daktari alimgeuza Isidori huku na huku, hakuona jeraha. Akasema ni moyo. Lakini mlio kila mtu aliusikia, na polisi hawakujua wauandike wapi. Wakaniachia, na bastola yangu wakanirudishia.

Niliipeleka kwa Subira. Hakufungua mlango.

"Ungeazima, angekusindikiza siku ile tu, akarudi kwake," alisema kwa ndani. "Umenunua, dada. Naye yumo humo humo."

Ningemuua Isidori kwa risasi, ningeitwa muuaji. Muuaji ana wakili, ana hakimu, ana siku ya kutoka. Mimi nilitafuta silaha ili nisife kama mchawi, na silaha hiyo hiyo ndiyo iliyowathibitishia wote. Sasa nikipita, wale majirani wenye macho wanaangalia chini.

Nyumba nimebaki nayo. Hakuna anayethubutu kuigusa.

Jana nilimpakulia Severina ugali na dagaa. Mtoto aliyekuwa radhi kukatwa kwa ajili yangu. Aliutazama ule ugali, akanitazama mimi, akasukuma sahani polepole.

"Nimeshiba, mama," akasema. Na tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu mdomoni.